Aliyeuhesabu Mto Ruvuvu

Baba Paroko, mwenyekiti wa kijiji na viongozi wenzako, wazee wa ukoo, wanadarasa wote mliowahi kushika vibao pamoja na marehemu, ndugu mliotoka Kaniha na Nyarubungo, na ninyi majirani wa Mabawe ambao tangu juzi hamjakanyaga kwenu, familia imemtuma Eustakia, mkamwana wa marehemu, yaani mke wa mwanawe Philbert, awasomee maisha ya baba yetu Telesfori Bizimana, kwa kuwa bintiye Ildefonsa kilio kimemkaba na sauti hana, na kila Eustakia atakapojikuta ndani ya maisha hayo atajitaja kwa jina kama mtu mwingine, maana ndivyo tulivyozoea kuyasoma, mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1926 hapa hapa Mabawe, mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Anastazi na mama Leonsia, katika nyumba iliyokuwa kule bondeni karibu kabisa na mto Ruvuvu, wakati huo hakuna aliyewaza kwamba siku moja watu wote wangehamishiwa huku juu penye barabara. Baba yake alikuwa mvushaji wa mtumbwi, akivusha watu na mbuzi na mizigo ya ndizi kwenda ng'ambo, na mtoto alikua akiyasikia yale maji mchana kutwa hata akawa hayasikii tena, ila yakinyamaza kidogo wakati wa kiangazi ndipo anaposhtuka. Mama yake alikuwa na neno lake, akisema kwamba mtoto huyu ukimtuma mtoni, mto nao unamtuma, na kweli alirudi mara nyingi na mtungi mtupu, jua limeshapinda, kwa sababu alikuwa ameketi kwenye ukingo akidondosha majani makavu majini moja moja, akitazama jinsi yanavyolikaribia jiwe, yanavyositasita, na jinsi kila jani linavyochagua upande wake wa kupita.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1935, akamaliza shule ya kati mwaka 1944, na mwalimu wake mmoja aliandika katika taarifa kwamba kijana ana akili lakini haipo darasani, maneno ambayo marehemu aliyapenda, akawa anayarudia kwa fahari hadi uzeeni. Kuanzia Januari 1945 hadi Desemba 1947 alijifunza useremala, na tarehe 3 Machi 1948 aliajiriwa katika karakana ya maboti huko Mwanza, akaanza kwa kukoroga lami, akapanda hadi kuchonga mataruma, zile mbavu za boti, kisha kuchora.

Tarehe 7 Januari 1950 alifunga ndoa takatifu na Secilia, binti wa mzee Celestini wa ng'ambo ya Ruvuvu, mwanamke aliyecheka kwa sauti na kutembea haraka, na watu walishangaa mtu anayezubaa vile amempataje mtu anayekimbia vile. Mungu aliwajalia watoto wawili, Philbert, aliyezaliwa tarehe 12 Februari 1951, na Ildefonsa, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1954, na kwa miaka mingi Secilia alilima Mabawe, mume akaja likizo mara moja kwa mwaka, amebeba samaki wakavu na michoro.

Mwezi Septemba 1968 serikali ilimpeleka Norwe, katika mji wa Trondheim, kusomea uchoraji wa meli, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili akikaa dawati moja na vijana wa umri wa mwanawe, na barua alizoandika zinasema kwamba huko maji husimama, mtu akatembea juu yake na viatu, na kwamba katika chuo chake kulikuwa na mashine iitwayo kompyuta, kubwa kama ghala la kahawa la chama cha ushirika, iliyolishwa kadi zenye matundu kama ng'ombe anavyolishwa majani. Mashine hiyo, aliandika, inaweza kuujua mwendo wa maji kabla meli haijakatwa bati hata moja, mtu anachora mto kwa miraba, kila mraba anaupa namba ya mwendo wa maji mahali pale, kisha kila mraba unawauliza majirani zake wanne namba zao, unazijumlisha, unazigawa kwa nne, jibu linakuwa namba yake mpya, na hivyo hivyo mizunguko maelfu, hadi namba zitulie, na zikitulia, hayo ndiyo maji yenyewe.

Tarehe 22 Novemba 1969, siku ya Jumamosi, Secilia alikuwa anarudi kutoka sokoni kwa kivuko cha mapipa na mbao kilichokuwapo zama zile, mto umejaa, na kivuko kikainama upande mkondo unakotokea, kikachota maji, kikapinduka, wakafa watu kumi na mmoja naye akiwamo. Barua ya msiba ilimfikia marehemu wiki saba baadaye, kaburi lilikuwa limeshaota majani, na hakuna aliyekuwapo kumshika mkono. Aliwaomba walimu wake aache habari za meli za mizigo, wakamruhusu, akakipima kile kivuko cha mapipa kwa kumbukumbu zake, akakichora, akakiingiza kwenye mashine, na baada ya siku moja akapewa karatasi ndefu yenye namba, akaona kwamba maji yanapobanwa na ukingo wa mbele wa chombo bapa huongeza mbio chini yake, na maji yanayokimbia chini ya chombo hukivuta chini, basi hapo kwenye karatasi aliiona namba iliyomuua mkewe. Alimwandikia Ildefonsa mstari mmoja tu, kwamba mama yako hakuuawa na pepo wa mto wala na mkosi wa mtu, aliuawa na umbo la chombo, na umbo hubadilishwa.

Alirudi nchini Juni 1971 na ndoto hiyo moja, kujenga kivuko cha Ruvuvu ambacho kimeshavuka katika namba kabla hakijavuka majini. Hakuoa tena, ingawa shangazi zetu walijitahidi. Mwaka 1974 alipoomba nafasi ya kutumia kompyuta alijibiwa kwamba nchi imesimamisha kuagiza mashine hizo, na hao wachache walionazo wana kazi zao, na mwaka huo huo ndipo nyumba ya bondeni ilipobomolewa watu wakahamia kijijini, akaja kuipanga nyumba yake mpya katika mstari pamoja na wengine, mlango ukitazama barabara, akalalamika jambo moja tu, kwamba huku mto hausikiki.

Tarehe 28 Juni 1975 mwanawe Philbert alimwoa Eustakia, aliyemaliza darasa la saba na kusifika kwa hesabu, na mjukuu akazaliwa mwaka uliofuata. Wakati huo marehemu alikuwa ameshahamishiwa wilayani Ngara kama fundi mkuu wa vivuko, na mwanzoni mwa mwaka 1977 mabati mazito ya chuma ya kutosha chombo kimoja, kimoja tu, yalishushwa bandari ya Nyamirembe na kuletwa kwa lori kupitia Biharamulo, pamoja na mchoro ulioletwa kutoka mbali, wa sanduku bapa lisilo na hila yoyote, ambalo marehemu alipoliona alikaa chini. Lilikuwa ni lile lile pipa lililovaa chuma. Aliomba kiangazi kimoja cha kufanya hesabu, na bwana mmoja wa ujenzi akamwambia, "Bizimana, mto haujui kusoma," lakini akampa hadi mwisho wa Septemba.

Basi mtu asiye na kompyuta alitazama huku na huku, akaona kwamba anayo. Mabawe palikuwa na darasa la elimu ya watu wazima, watu wameshafaulu mtihani wa taifa, wanajua kujumlisha na kugawa na hawajapata cha kugawa, na tarehe 5 Julai 1977, Jumanne, saa tisa alasiri, marehemu aliwapeleka kwenye uwanja wa shamba la kijiji, mahindi yameshavunwa, akakata miraba mia na ishirini kwa kamba na vigingi, kumi kwa kumi na miwili, miraba minane ya katikati akaitandika migomba kuwa ndiyo chombo, na katika miraba mia na kumi na miwili iliyobaki akaketisha watu, kila mmoja na kibao, chaki na daftari. Siku zilizotangulia alikuwa ameupima mto kwa vipande vya mafunjo na saa ya mkononi, akamgawia kila mtu namba ya kuanzia. Alipogonga kipande cha reli kila mtu aliinua kibao kifuani ili majirani waione namba yake, akaziandika zao nne kwenye daftari, akajumlisha, akagawa kwa nne, akafuta, akaandika mpya, na hiyo ndiyo duru moja. Waliokaa ukingoni kabisa namba zao hazikubadilika, ndiyo maana viti vile viligombewa na wazee, wakawa wanalala vibao vikiwa kifuani, na hesabu haikudhurika.

Fundi Kazimili wa kuchomelea, aliyekuja kutoka Kaniha kungojea kazi, alisimama siku ya kwanza akacheka mpaka akashika magoti, akasema, "Kwetu maji hatuhesabu, tunaogopa," lakini kufikia wiki ya tatu alikuwa ameomba mraba. Bibi Ernesta alilalamika kwamba namba yake inapanda tu kama homa, akaambiwa asiogope, yuko mahali penye mkondo. Wanawake wakitwanga walijikuta wanagawa mitwango kwa nne. Watu walianza kuota maji, tena watu ambao hawakuwahi kuyaota, na asubuhi wakikutana kisimani walisimuliana, mmoja anasema yalimpita kiunoni, mwingine anasema kwake yalikuwa ya polepole na ya uvuguvugu, wakigundua kwamba kila mtu ameota maji ya mraba wake. Na marehemu alisimama juu ya kichuguu kando ya uwanja, mikono nyuma, akiona kile ambacho sisi tuliokaa chini hatukukiona, namba kubwa zinasogea kutoka mtu hadi mtu, zinakikaribia chombo cha migomba, zinasitasita, zinagawanyika, mto mzima unapita katika nyasi kavu bila tone la maji. Alisema baadaye kwamba katika maisha yake hakuwahi kufurahi kama alivyofurahi alasiri zile.

Eustakia alipangiwa mraba wa kona ya kushoto ya mbele ya chombo, upande mkondo unakotokea, mahali pagumu kuliko pote, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kugawa, na katika mraba uliokuwa mbele yake alikaa mzee Gaspari, naye mwepesi. Alhamisi tarehe 28 Julai, duru ya ishirini na mbili, Gaspari alikamatwa na homa, akapelekwa hospitali na kukaa huko wiki nane, na kwa kuwa hesabu haiwezi kuwa na shimo, marehemu alishuka kwenye kichuguu, akaketi mwenyewe katika mraba wa Gaspari, akachukua kibao na daftari lake, akaendelea.

Wengi wenu ni watu wa hapa na hamhitaji kuelezwa, ila kwa wageni ni lazima isemwe kwamba katika ukoo huu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni wala kifuani, humsalimu amepiga goti na macho chini, na akiwa na haja naye humwambia mume au humtuma mtoto, na Eustakia alilelewa akalelewa tena. Philbert alikuwa amekaa upande wa pili wa uwanja, ng'ambo ya migomba. Reli iligongwa, vibao vikapanda vifuani, Eustakia akaona namba tatu, na ya nne hakuiona, kwa sababu ya nne ilikuwa juu ya kifua cha baba mkwe. Akaandika ile ya mwisho aliyoiona kwa Gaspari, thelathini na moja, akijiambia kwamba ni kwa leo tu. Jumanne marehemu alikaa pale tena. Akaandika thelathini na moja. Akaandika hivyo hadi duru ya sitini na nne, tarehe 22 Septemba, wakati hesabu ilipofungwa na watu wakapiga makofi, na hakumwambia mtu, kwa kuwa aibu ya siku ya kwanza ni ndogo, lakini ya wiki ya nane nani ataitamka.

Namba zilisema kwamba ukingo wa chombo uinuliwe upande mkondo unakotokea, isipokuwa kona ya kushoto ya mbele, ambako maji yalionekana mapole na panaweza kuachwa chini ili magari yapande kwa urahisi. Kazimili na wenzake walichomelea kuanzia Oktoba, na tarehe 7 Julai 1978, siku ya Saba Saba, kivuko kilishushwa majini, ngoma zikalia, watu wa darasa wakapewa nafasi ya kuvuka kwanza, na wakiwa katikati kila mmoja alinyoosha kidole majini akimwonyesha mwenzake mahali alipokuwa amekaa.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo adui alilitwaa eneo la kaskazini ya mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, na kutoka kila kijiji vikaanza kutoka vyakula, ng'ombe na vijana. Philbert alijiandikisha katika mgambo. Tarehe 18 Desemba 1978, Jumatatu, mvua imenyesha siku nne, lori lenye magunia ya maharage na mgambo arobaini liliingia kivukoni, marehemu akiwa ukingo wa pili anawaongoza kwa bendera, na katikati ya mto aliiona kona ya kushoto ya mbele ikishuka, taratibu, kama mtu anayeinama kusalimu, lori likaserereka, magunia yakaenda, na vijana walioruka wakaogelea au wakavutwa kwa kamba, wote isipokuwa wawili, utingo wa lori aliyeitwa Malongo, na Philbert. Philbert alipatikana baada ya siku mbili penye mafunjo, na marehemu ndiye aliyembeba.

Hakulia mbele za watu. Alikusanya madaftari yote ya darasa, mia na kumi na mawili, akajifungia nayo siku kumi, na tarehe 15 Januari 1979 alisimama mbele ya kamati akasema maneno yaliyoandikwa na karani kama alivyoyatamka: "Hesabu ya kona ile ni yangu, nilikosea mimi, msimuulize mtu mwingine." Aliondolewa katika ufundi mkuu, akaachiwa ualimu wa watu wazima tu, na kuna waliosema, humu humu Mabawe, na tusifichane, kwamba mzee ameua mwanawe kwa elimu ya Wazungu. Alisikia. Aliitikia shikamoo zao kama kawaida.

Vita vilipokwisha kivuko kilikuwa kimelala ukingoni, na ni wanadarasa wenyewe walioandika ombi kwamba hesabu irudiwe, kila mmoja akatia jina lake kwa mkono wake, bibi Ernesta akatumia ukurasa mzima. Hesabu ya pili ilifanyika Juni hadi Agosti 1979 katika uwanja ule ule, kwa mpango mpya. Eustakia, aliyekuwa mjane wa miaka ishirini na mitatu na ambaye alikataa kurudi kwao, alitolewa mrabani akapewa kugonga reli na kuhesabu duru, heshima kubwa. Tena marehemu alitoa amri moja, kwamba kuanzia sasa vibao visiinuliwe kifuani, vilazwe chini, maana jasho hufuta chaki. Kona iliinuliwa shubiri mbili na nusu, kivuko kikarudi majini tarehe 1 Oktoba 1979, na tangu siku hiyo hadi leo asubuhi, wengi wenu mmevukia humo kuja kuzika, hakijainama na hakijachukua mtu.

Miaka yake iliyobaki aliishi katika nyumba moja na mkamwana wake na mjukuu, akifundisha alasiri, akizubaa jioni. Maradhi yalimwanza Agosti 1984, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, daktari akaeleza kwamba moyo umechoka na maji yanajaa miguuni na mapafuni, na marehemu akatabasamu, akasema basi yamemjia yenyewe. Alilazwa hospitali ya misheni tarehe 11 Februari mwaka huu wa 1985. Eustakia alimhudumia, akamwosha miguu akiwa ametazama miguu. Siku za mwisho aliomba dirisha lifunguliwe ausikie mto, ingawa mto uko mbali na hospitali, likafunguliwa, akasema anausikia. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Machi 1985, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, ameacha mtoto mmoja, mkamwana mmoja, na wajukuu watano.

Mistari inayofuata haikuwamo katika karatasi waliyoipitia wazee, na Eustakia anawaomba radhi wazee, na anaomba asikatishwe.

Madaftari yaliporudishwa kwa wanadarasa mwaka ule 1979 yalipungua mawili, la mzee Gaspari na la Eustakia, na marehemu alitangaza kwamba hayo yameliwa na mchwa. Mchwa hachagui. Eustakia alikuwa ameshajua tangu mafundi walipotaja kona, maana kona hiyo alikuwa ameikalia, na siku vibao vilipolazwa chini alijua kwamba na baba anajua. Tangu hapo waliishi miaka sita, mmoja akidhani anamficha mwenzake na mwenzake akijua, uji ukapikwa, dawa zikanywewa, na adabu ile ile iliyomzuia kutazama kibao ikamzuia kusema. Juzi, akikunja godoro la marehemu, alilikuta daftari lake, limefungwa vizuri kwa kitambaa. Ninyi mliofundishwa naye mnaikumbuka kalamu yake nyekundu, hakuna aliyepona. Eustakia alifungua ukurasa baada ya ukurasa, thelathini na moja, thelathini na moja, mara arobaini na tatu, na hakukuta alama nyekundu hata moja. Daftari la Gaspari, ambamo marehemu aliandika namba zake mwenyewe, halijaonekana na halitaonekana. Kwa hiyo isemwe hapa, mbele ya jeneza na mbele ya waliomsema, kwamba Telesfori Bizimana hakukosea hesabu, alikosewa, na aliyemkosea ndiye anayewasomea.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa hospitali ya misheni waliolala macho wazi kwa ajili yake, inamshukuru Baba Paroko kwa sakramenti, majirani wa mstari wetu kwa kuni, maji na ndizi, mafundi wa kivuko wakiongozwa na mzee Kazimili ambaye ametembea kutoka Kaniha na mguu wake mbaya, na wanadarasa wote, waliobaki na waliotangulia, ambao walikubali kuwa maji. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, Mungu anayajua majina.

Pumzika kwa amani, baba, na umsamehe mkamwana wako anayekuuliza leo, amechelewa, macho yake yakiwa kifuani pako kwa mara ya kwanza: ilikuwa ngapi?